Maneno kwanza, picha baadaye

Nazidi kuamini kwamba katika somo la katuni, mazungumzo yaandikwe kabla ya kuchora. Mtoto akianza na picha hujaza kisanduku chote nyumba na jua, kisha kiputo cha maneno hubanwa pembeni na sentensi hukatika. Basi aandike kwanza kando nani anasema nini, ayahamishie maneno hayo kisandukuni kwa penseli, ayazungushie mstari, ndipo achore watu panapobaki. Watu wa vijiti wanatosha kabisa.

Karatasi moja ya A4, ikikunjwa mara mbili, inatoa visanduku vinne: mhusika na mahali alipo, tatizo, tatizo kuzidi, ufumbuzi. Kiputo kisizidi maneno 10 hivi. Anayeanza kusema akae kushoto na kiputo chake kiwe juu, la sivyo jibu litasomwa kabla ya swali.

Kazi tamu ni ya kufuta. Watoto wengi huandika kile ambacho picha imeshakisema: mtu amechorwa akianguka, naye anasema "Ninaanguka." Muulize mtoto, anayeanguka hutamka nini hasa? Hapo hutoka "Mama wee!", na tanakali hupata mahali pake nje ya kiputo: pu! akifika chini, chubwi! akitumbukia majini.

Kisha vikate visanduku, vichanganye, umpe mwenzake avipange. Akikwama, aghalabu kuna tukio lililorukwa. Mlango umefungwa, mara mtu yumo ndani, aliingiaje? Mwandishi mwenyewe haoni pengo hilo kwa sababu hadithi anayo kichwani. Swali la mwenzake humfaa kuliko alama nyekundu ya mwalimu.

Hatua ambayo nasikitika kuona ikiachwa ni kuigeuza katuni kuwa aya. Kutoka kisanduku hadi kisanduku, -ka- inajileta yenyewe: alifungua mlango, akaingia, akamkuta paka. "Nisubiri!" inakuwa "alimwomba amsubiri", na usemi wa taarifa unaeleweka bila kukariri kanuni. Ugumu ni mmoja: kwenye katuni mkia wa kiputo ndio ulioonyesha msemaji, kwa hiyo ndani ya aya mtoto husahau kumtaja, au hurudia "alisema" kila mstari. Mwandikie ubaoni vitenzi vya kuchagua, aliuliza, alinong'ona, alifoka, alisihi, kisha airudie picha na kuutazama uso wa msemaji kabla ya kuchagua.