Ngitili yetu imerudi bila mche wa kitaluni

Watu wakipita kwetu Kishapu, mkoani Shinyanga, huniuliza miche ya migunga niliitoa kitalu gani. Sikupanda hata mmoja. Yote imechipua kwenye visiki vilivyokuwa ardhini, ambavyo kila mwaka vilichipua na kila mwaka mbuzi wakamaliza.

Ngitili ni utaratibu wa Wasukuma tangu zamani: eneo la malisho hufungwa mvua zinapoanza, hufunguliwa kiangazi nyasi za nje zikiisha, kwa ajili ya ndama na ng'ombe wa kulimia. Shinyanga ilifyekwa miti ili kuua mbung'o na kupata mashamba ya pamba, na watu walipohamishiwa vijijini miaka ya 1970, ngitili nyingi zilikosa mwenyewe. Mradi wa HASHI (Hifadhi Ardhi Shinyanga) wa kurudisha miti ulipoanza mwaka 1986 zilikuwa zimebaki kama hekta 600. Ulipokwisha mwaka 2004, zaidi ya hekta 300,000 zilikuwa zimerudi. Naamini siri yake ni kwamba uliwaachia wananchi sheria zao wenyewe.

Mimi nilirithi ekari nne zilizochoka. Sikuweka uzio, maana uzio wa miiba unakula miti ileile unayotaka irudi. Nilimwomba baba mdogo anifuate, tukawapitia majirani mmoja mmoja na kutembea nao mpakani. Mzee mmoja akaniambia, "Mwanangu, mpaka nimeuona. Ng'ombe wangu ndio hawajauona. Mwezi wa nane tutafanyaje?"

Swali lile lilikuwa la haki, na jibu lake ndilo lililoiokoa ngitili. Tulikubaliana kwamba ikifunguliwa, ndama wake na maksai wake wataingia pamoja na wangu. Tangu siku hiyo vijana wake wanaochunga wakawa walinzi wangu. Makubaliano tuliyafikisha kwenye mkutano wa kijiji, na sungusungu, walinzi wa jadi wa kijiji, wakajua mpaka ulipo na faini ya anayeuvunja.

Kazi ya mikono si kubwa. Kwenye kila kisiki nachagua machipukizi matatu hadi matano, manene na yaliyonyooka, mengine nakata. Matawi ya chini nayapogoa kwa panga kali, nikikata kutoka chini kwenda juu ili gome lisichanike. Yaliyokatwa mama anapata kuni.

Nyasi zilitangulia, miti ikafuata taratibu. Msimu uliopita mvua zilichelewa, na maksai waliotoka ngitili walikuwa na nguvu ya kuvuta plau siku ya kwanza udongo ulipolowa. Hilo liliwashawishi majirani kuliko maneno yangu yote.

Sasa mzee yule anafunga eneo lake linalopakana na langu. Tunachobishania bado ni mwezi wa kufungua. Yeye anataka wa saba. Mimi nashikilia wa nane, mbegu za nyasi ziwe zimekwisha kudondoka.