Risha Iliyokatika Brugge

Chumba nilicholala Brugge kilinitoza euro 94 kwa usiku mmoja, bila chai ya asubuhi, na choo kiko ghorofa ya chini. Naanza na hilo kwa sababu ndilo lililoniuma mwanzo, kabla sijagusa kinanda chochote. Mwezi wa nane mji ule hufurika watalii na wenye vyumba wanalijua hilo. Mkahawani niliomba maji ya bomba, nikaletewa kichupa cha robo lita kwa euro 3. Siku zote nne nilizokaa nilikula mkate na jibini nilivyobeba kutoka Den Haag ninakosoma, na tende alizonitumia mama.

Nilikwenda kushindana kupiga hapsikodi. Watu wa nyumbani nikilitaja jina hilo huniuliza ni kitu gani, nami huwajibu kwamba ni kinanda, lakini si hicho wanachokidhania. Ukiinua mfuniko utaziona nyuzi za chuma na shaba zimelala kama za ganuni. Ukibonyeza kibao, kijiti cha mbao hupanda na kuudonoa uzi kwa ncha ya unyoya. Piano hugonga nyuzi kwa nyundo, hapsikodi hudonoa. Wazee wetu walioliita gambusi kinanda, kabla neno halijahamia kanisani na kwenye santuri, walikuwa karibu na chombo hiki kuliko sisi.

Mashindano ya Brugge yana heshima yake. Yalianza miaka ya 1960, na majaji hawaoni haya kuizuia tuzo ya kwanza wakiona hakuna anayeistahili. Upande wa hapsikodi waliizuia mpaka mwaka 1971, alipokuja Scott Ross, kijana wa Kimarekani aliyesomea Ufaransa, akaichukua. Na haitoshi kupiga vizuri. Unatakiwa upige kama ilivyopigwa zama zake: sauti itiwe chini kiasi cha nusu toni kuliko piano ya leo, yaani noti iitwayo la itetemeke mara 415 kwa sekunde (hezi 415) badala ya 440, na vidole, mapambo na mwendo, vyote uwe na ushahidi wake kwenye vitabu vya wakati ule. Sababu ni kwamba hapsikodi ilinyamaza. Piano iliisukuma pembeni mwishoni mwa karne ya 18, ikakaa karibu miaka 100 bila wapigaji wa maana, na walipotaka kuirudisha hapakuwa na mwalimu aliyefundishwa na mwalimu wa zama zile. Ikabidi waulize vitabu, na vinanda vilivyokuwa vimelala kwenye majumba ya makumbusho.

Safari yenyewe ilikuwa ya treni: Rotterdam, Antwerp, Gent, Brugge. Antwerp tulichelewa dakika 50, nami nikakaa kituoni na sanduku langu, katika mji ambao Hans Ruckers aliingia chama cha mafundi mwaka 1579 na ukoo wake ukatengeneza vinanda vinavyonakiliwa mpaka leo, nisiweze hata kutoka nje kwa kuogopa kuachwa. Brugge barabara ni za mawe. Gurudumu la sanduku likang'oka kabla sijafika daraja la kwanza, nikalibeba begani mpaka nyumbani kwa yule wa euro 94.

Siku mbili za mwanzo sina la kusimulia. Nilifanya mazoezi, nikalala.

Siku ya tatu zamu yangu ilikuwa saa tano na dakika ishirini asubuhi. Vilikuwepo vinanda zaidi ya kimoja vya kuchagua. Vingi siku hizi hutiwa ncha za plastiki kwa sababu hazichoki upesi, lakini kimoja, kilichonakili kazi ya Ruckers, kilikuwa na manyoya halisi. Ndani ya mfuniko wake kimebandikwa karatasi yenye michoro kama farasi wa baharini, na maneno ya Kilatini yasemayo kwamba ndivyo fahari ya dunia ipitavyo. Mwalimu wangu alinionya kwamba unyoya hukatika bila kupiga hodi. Nikakichagua hicho hicho, kwa sababu sauti yake ilikuwa na mkwaruzo mdogo mwanzoni mwa kila noti, kama mtu anayevuta pumzi kabla ya kusema.

Nilifungua na prelude, yaani kipande cha kufungulia, ya mtunzi Mfaransa Louis Couperin, katika ngazi ya re ndogo. Huyu alifariki Paris mwaka 1661, akaacha vipande vya aina hii vilivyoandikwa kwa noti nzima tupu, duara baada ya duara, bila mistari ya kugawa mapigo. Juu yake ipo mikunjo mirefu ya kalamu inayounganisha noti hii na ile, basi. Hakuna kinachokwambia ipi uikawize na ipi uipite. Wenzangu darasani wanaviogopa vipande hivi. Mimi sikuwahi kuviogopa, na wala sikuwahi kujiuliza kwa nini.

Nilikuwa nimeuacha mkono wa kushoto ulale kwenye noti ya la, wa kulia unapanda polepole kuitafuta re. Re ndiyo nyumba ya kipande kile, kila kitu kinarudi hapo. Nikabonyeza. Nikasikia "tak", sauti ya mbao tupu. Uzi haukulia.

Nadhani moyo ulisimama kabla ya mikono. Nilibonyeza tena, kwa kutoamini, ikasema "tak" tena, na ukumbini nikasikia mtu amevuta pumzi. Kile kinanda kina safu mbili za vibao, na safu ya juu ina vijiti vyake na nyuzi zake, sauti nyembamba ya puani. Vidole vikahamia huko vyenyewe. Noti ile iliyokosekana niliisubiri, nikaileta kutoka juu, na kwa kuwa kipande hakina mapigo hapakuwa na aliyeweza kusema nimechelewa. Nikamaliza huko huko juu. Halafu nikainua mkono, kama mtoto darasani.

Fundi alikuja kutoka safu ya nyuma, mzee mwenye miwani iliyofungwa kamba shingoni na mfuko wa ngozi kiunoni. Hakukimbia. Aliondoa ubao mrefu unaozuia vijiti visiruke, akauweka sakafuni, akapitisha kidole juu ya safu ya vijiti bila kuhesabu na kukichomoa kimoja. Alininyooshea nikione. Kijiti chembamba, kirefu kama penseli mpya. Juu yake kiulimi kinachochezacheza, nyuma yake bua moja la nywele ya nguruwe linalokirudisha mahali pake, ubavuni kipande cha kitambaa cha kuuzima uzi. Na pale penye tundu la kiulimi, kisiki cha unyoya kilichokatika, kifupi kama ukucha wa mtoto.

Alikisukuma nje kwa sindano. Akatoa unyoya mweusi mfukoni, akaukata bua lake kwa mshazari, akalipenyeza tundu lile kwa nyuma mpaka likabana. Akaweka kijiti juu ya kigogo kidogo, akakata ncha kwa kisu chembamba mara moja tu. Akarudisha, akabonyeza re. Ikalia kwa ukali, kama inagomba. Akatoa, akakwangua chini ya ncha mara mbili, vumbi jeupe likamwangukia kidoleni, akarudisha. Sasa ililia kama jirani zake. Watu zaidi ya 100 walikuwa kimya kabisa, na majaji nao.

"Kwenu wapi?" aliniuliza kwa sauti ya chini, kwa Kiingereza, akiwa bado ameinama.

Nikamwambia Zanzibar.

"Kunguru wapo?"

Nikamwambia wapo wengi mno, waliletwa kutoka India mwishoni mwa karne ya 19 na sasa wamejaa mji mzima. Akatikisa kichwa kwa kuridhika, kana kwamba nimemwambia kwetu kuna dhahabu, akachukua ubao wake, akaenda zake.

Kipande cha pili kilikuwa maombolezo ya mtunzi Froberger kwa rafiki yake Blancrocher, mpiga luth (chombo cha nyuzi cha kudonoa) wa Paris aliyeanguka ngazini mwaka 1652 akafa. Mwishoni noti zinateremka ngazi zote mpaka chini. Nilikipiga kwa haraka. Mikono ilikuwa imepoa, na kila nikiikaribia re nilikuwa nasikiliza badala ya kupiga.

Jina langu halikuwemo kwenye orodha ya waliosonga mbele. Nililia kidogo kando ya mfereji, nikarudi kuwasikiliza wengine, nikarudi tena jioni.

Nilipokuwa nikitoka, jaji mmoja alinisimamisha ngazini. Alisema kwa upole kwamba Froberger ilinitoroka, nami nilijua. Kisha akasema prelude ilikuwa kitu kingine kabisa, kwamba namna nilivyoiacha noti ife karibu yote kabla ya kuita inayofuata hajaisikia kwa wengine. Akaniuliza nimeipata wapi, kwa nani.

Nikajibu: kwenye kitabu cha François Couperin cha mwaka 1716.

Akakubali, akanitakia heri, akaondoka. Na jibu langu lilikuwa na ukweli, maana kitabu hicho, cha mtoto wa ndugu yake Louis, kinasema kweli kwamba prelude ipigwe kwa wepesi bila kujifunga sana na mwendo. Lakini mimi kitabu hicho nimekisoma mwaka jana. Kusubiri noti ife nilikujua nikiwa na miaka sita, nimekaa barazani Malindi ya Unguja na miguu haifiki chini, babu yangu anapiga udi.

Babu alipiga udi katika kikundi cha taarabu zaidi ya miaka 40. Kabla ya wimbo hupiga taksimu, peke yake, bila ngoma na bila kipimo. Huidonoa noti moja, akaiacha. Sisi watoto tulidhani amesahau. Wazee waliokaa pale walikuwa wanaifuata mpaka ilipoishia, na alipoleta ya pili walisema "Allah!" kwa pamoja. Hapo ndipo nilipofundishwa Louis Couperin, miaka kumi na tano kabla ya kulisikia jina lake. Na wala si ajabu. Wapiga hapsikodi wa Paris waliziiga prelude hizi kwa wapiga luth, na luth ni udi uliovuka kwa Waarabu kuingia Ulaya, mpaka jina lake ni lile lile la Kiarabu. Hata risha, kile kipande anachoshika babu kudonolea nyuzi, ni neno la Kiarabu lenye maana ya unyoya. Yote haya nilikuwa nayajua siku ile ngazini. Niliyajua, nikamtaja Mfaransa.

Nilipanda kitandani nikiwaza namna wenzetu walivyoupoteza mnyororo wao, wakautafuta, wakajenga vyuo, wakatoa fedha za ufadhili ili vijana kama mimi tukae miaka tukibahatisha kwenye karatasi vidole vya mtu aliyefariki mwaka 1661. Na sisi yupo barazani, hai, anakunywa kahawa, na hakuna anayemuuliza. Harusi zinakodi kinanda cha umeme. Wenzake aliokuwa akipiga nao amebaki na mmoja, mpiga fidla, na macho yake hayaoni tena. Mimi mwenyewe nililala nyumba moja naye miaka 19 na sikuwahi kumwomba anioneshe taksimu moja kutoka mwanzo mpaka mwisho.

Nikampigia simu.

"Shikamoo babu."

"Marahaba, mke wangu. Wambaje? Umeshinda?"

Nikamwambia sikushinda. Nikamweleza risha ilivyokatika, fundi alivyokuja na unyoya wa kunguru, na swali la jaji, na nilivyojibu. Hilo la mwisho nilitaka kulipita, nikashindwa. Alinyamaza kidogo.

"Na huyo Mfaransa kasomeshwa na nani?"

Nikamweleza habari ya luth, na kwamba luth ni udi.

"Ahaa," akasema. Halafu akaniuliza kama nimekula, nikamwambia bei ya maji, akaomba Mungu anisamehe kwa kuyalipia.

Asubuhi kabla ya treni nilipita ukumbini kumtafuta fundi. Nilimkuta anatuni, nikangoja mpaka akamaliza. Nilimwambia babu yangu ni mpiga udi. Alifungua mfuko wake, akatoa manyoya matatu meusi, akayafunga kwenye kipande cha gazeti, akakataa fedha.

Nilimpa binamu yangu aliyekuwa anarudi Unguja mwezi wa tisa. Baada ya wiki babu akapiga. Unyoya ule ni mwepesi mno kwa udi, alisema, unajikunja uzi wa juu ukiwa umekazwa, na yeye atabaki na risha yake aliyoikata kwenye dumu la mafuta ya kupikia, ambayo ana nayo mwaka wa nne sasa. Ila nyuzi ndizo zimemshinda. Mbili zimekatika, na duka la mjini likiwa nazo huziuza bei ya kilo tano za pweza. Kama huko nilipo zinapatikana, nimtafutie seti mbili, na nikija niwe na nafasi, maana kuna taksimu moja ya rasti, moja ya ngazi za muziki wa Kiarabu, hajampigia mtu siku nyingi.

Seti mbili zilinigharimu euro 38. Tiketi ni ya Desemba.