Karatasi ya vinukta

Ndani ya jalada langu la vyeti kuna karatasi iliyochanwa kwenye daftari la hesabu, imekunjwa mara nne. Haina muhuri wala sahihi. Imechorwa visanduku kwa penseli, safu sita za madawati, na kwenye visanduku kuna vinukta. Ukivihesabu utapata 31. Vyote, isipokuwa viwili, viko kwenye safu mbili za mbele.

Hakuna semina niliyowahi kuhudhuria iliyonifundisha kazi hii ya ualimu kama karatasi hiyo. Naieleza leo kwa sababu mwaka huu nimekabidhiwa walimu wawili wapya niwalee, na kwa mmoja wao nimeshakosea.

Nilifika wilaya ya Tarime Januari 2010, nikitokea kwetu Muheza. Siku mbili za basi, nikalala Mwanza. Nilikuwa na cheti cha ualimu cha Daraja la IIIA, sanduku moja la bati na Kiswahili cha Tanga nilichodhani ndicho Kiswahili cha kila mtu. Nikapewa darasa la pili, watoto 74.

Wiki ya pili nikaandika ubaoni neno KALAMU. Mtoto wa kwanza akasoma: karamu. Nikamwambia hapana. Wa pili: karamu. Wa tatu naye: karamu. Nikapandisha sauti. Nikaandika herufi mbili kubwa, L na R, nikawa nazigonga kwa fimbo ya ubaoni, "Hii ni la! Hii ni ra!" Wakaitikia wote kwa pamoja, "Ra! Ra!" Ilipofika Ijumaa mikono iliyonyooka ilikuwa ya watoto wa walimu, wa mwenye duka na wachache waliozoea kukaa nao mbele. Wengine walikuwa wananitazama tu. Jioni nikampigia mama simu nikamwambia watoto wa huku hawasikii.

Mwalimu wa darasa la kwanza alikuwa mama wa pale pale kijijini, makamo ya mama yangu. Sauti yangu ilikuwa inampata kupitia ukutani, maana kuta zetu hazikufika kwenye bati. Hakuniambia kitu kuhusu hiyo sauti. Wakati wa uji akanisogezea kiti, akasema, "Mwanangu, kesho kipindi cha pili njoo ukae kwangu. Keshokutwa, ukiniruhusu, na mimi nije kwako."

Utaratibu ule nimeuelewa baada ya miaka mingi: kwanza kwake, halafu kwangu, na kwa ruhusa yangu.

Kesho yake nikakaa nyuma, kwenye dawati la mtoto, magoti yakigusa ubao wa juu. Alikuwa na picha mbili alizochora mwenyewe kwenye makaratasi ya boksi: kalamu, na watu wamezunguka sinia la ugali. Akawaambia watoto, kwa Kiswahili chenye lafudhi yao ile ile, kwamba lugha ya nyumbani haina hiyo sauti ya L, kwa hiyo ulimi haujawahi kuifanya, na si kosa. "Hata mimi niliijifunza ukubwani." Kisha akawaomba wasiseme neno lolote. Yeye atasema, wao wanyooshe kidole kwenye picha. Kalamu. Karamu. Karamu. Kalamu. Walikosea, wakacheka, wakarudia. Kama dakika kumi nzima hakuna mtoto aliyefungua mdomo. Baadaye ndipo akawaambia wagusishe ncha ya ulimi nyuma ya meno ya juu, waiache hapo, watoe sauti. Akapita kati ya madawati, akainama mtoto kwa mtoto, akiangalia vinywa kama anatafuta jino bovu.

Mimi nilikuwa nadai ulimi utamke kitu ambacho sikio halijakitenganisha. Chuoni nilijibu maswali ya saikolojia ya ujifunzaji nikapata alama nzuri, lakini jambo hili sikuwa nalijua.

Keshokutwa akaja kwangu. Alikaa nyuma kipindi chote, dakika 30, hakuniangalia hata mara tatu. Nilijua anaandika, nikadhani anaandika makosa yangu. Kengele ilipogonga akanipa ile karatasi. "Kila uliyemwita, nimemwekea kinukta alipokaa. Hesabu mwenyewe." Akaenda zake darasani kwake.

Nilibaki nimesimama na ile karatasi. Vinukta 29 mbele, viwili nyuma, na hivyo viwili vilikuwa vya mtoto mmoja niliyemsimamisha kwa sababu alikuwa anaongea. Hakuandika neno hata moja kunihusu, na hapakuwa na kitu cha kubishana nacho.

Mama huyu alikuwa mwalimu wa UPE, ule mpango wa elimu ya msingi kwa wote. Wadogo labda hamjui uzito wa neno hilo vyumba vya walimu. Azimio la Musoma la 1974 lilitaka watoto wote wa umri wa kwenda shule wawe darasani ifikapo 1977, na walimu hawakuwepo. Ikabidi vijana waliomaliza darasa la saba, makumi ya maelfu, wafundishwe ualimu huko huko vijijini: sehemu ya siku wanafundisha, sehemu nyingine wanasomeshwa, vitabu vya masomo kwa posta na vipindi vya redio. Sisi tuliopita chuoni tulilitumia jina la UPE kama tusi. Yeye alinisimulia kwamba mratibu aliyemsomesha alikuwa anakuja kwa baiskeli, anakaa nyuma ya darasa, halafu wanakaa chini ya mwembe wanazungumza kipindi kile kile alichotoka kufundisha. Kwa hiyo alilelewa darasani tangu siku ya kwanza. Mimi nilifundishwa ualimu miaka miwili, na nikaangaliwa nikifundisha wiki chache tu za BTP, yaani mazoezi ya kufundisha, mwangaliaji akiwa na fomu ya alama mkononi.

Tangu hapo nimepita semina nyingi. Siku tano mjini, bango kitita, kalamu za rangi, posho, cheti cha ushiriki. Sizidharau, nyingine zimenipa vitu vya maana. Lakini unarudi shuleni Jumatatu, watoto ni wale wale, na aliyekufundisha mbinu yuko hotelini wilaya nyingine. Mkaguzi naye, siku hizi mthibiti ubora, akija anataka azimio la kazi, andalio la somo, shajara. Ni haki yake kuviomba. Ila mwalimu anayekaguliwa anaficha udhaifu wake, kila mtu angefanya hivyo, na udhaifu uliofichwa hakuna anayeweza kuusaidia.

Ndiyo maana nilifurahi MEWAKA ilipoletwa, haya mafunzo endelevu ya walimu kazini, walimu tukutane shuleni kwetu katika jumuiya ya ujifunzaji na tujadili tatizo la darasani kwetu. Kwetu tunakaa Jumatano baada ya vipindi. Ombi langu kwa walimu wakuu wanaonisoma ni moja: kikao kisiishie ofisini. Tukizungumzia darasa bila kwenda darasani tunazungumza kumbukumbu, na kumbukumbu ya mwalimu kuhusu kipindi chake mwenyewe si ya kuaminika. Mimi ningeapa mwaka 2010 kwamba naita watoto wote.

Sasa kosa langu.

Mwalimu wangu mpya wa kwanza ni kijana mwenye shahada, yuko kwenye kipindi cha matazamio. Anafundisha hisabati darasa la nne, watoto 102. Nilimwendea wiki yake ya tatu bila kumkaribisha kwangu kwanza. Alikuwa anafundisha sehemu, akaandika kwamba nusu na theluthi zinajumlishwa, akaruka hatua. Nikaona watoto wamepotea. Nikainuka, nikachukua chaki mkononi mwake, nikamalizia mimi. Nilifanya vizuri, kama unaangalia hesabu ya sehemu peke yake. Siku tatu zilizofuata hakuja kunywa chai. Akawa anapita nyuma ya madarasa.

Nikakaa na hilo mpaka Jumapili. Kisha nikampigia mama yule. Alistaafu 2021, ana ng'ombe wanne na wajukuu. Nikamweleza yote. Alikaa kimya kidogo akauliza, "Yeye amekuona wewe ukifundisha?"

Jumatatu nikamwomba yule kijana radhi mbele ya walimu wale wale waliojua habari ile. Nikamwambia aje darasani kwangu achague kitu kimoja cha kuhesabu, chochote, asiniambie ni nini. Mwalimu mkuu alikubali kushika darasa lake kwa dakika 40, na hapa namshukuru kweli, maana bila mtu wa kushika darasa ulezi wote huu ni maneno.

Alikuja na simu yake. Alichopima ni muda ninaosubiri baada ya kuuliza swali kabla ya kumwita mtoto au kujibu mwenyewe. Aliandika maswali 18. Kwa 15 sikufikisha hata sekunde mbili. Mara sita nilijibu mwenyewe. Baada ya miaka yote hii ya kuhubiri habari ya watoto wa nyuma, nilikuwa nawaita, ndiyo, lakini siwapi nafasi ya kufikiri.

Jambo hili lilishapimwa zamani. Mtafiti wa Marekani, Mary Budd Rowe, alikuta miaka ya 1970 kwamba walimu husubiri kama sekunde moja tu, na kwamba wakifikisha tatu majibu ya watoto hurefuka na wanaojitokeza kujibu huongezeka. Nilikuwa nimelisoma kwenye stashahada. Sikujua linanihusu mpaka kijana wa matazamio aliponiwekea saa.

Sasa nikiuliza swali nahesabu vidole mgongoni, mpaka vitatu. Kimya kile kinaniuma kila siku, natamani kukijaza. Wiki iliyopita, kwenye kidole cha tatu, mtoto wa dirishani ambaye tangu Januari sijawahi kusikia sauti yake alinyoosha mkono nusu, akaushusha, akaunyoosha tena.

Kijana amerudi kwenye chai. Ameniomba niende kwake Alhamisi, tena kwenye sehemu zile zile, na nisiangalie ubao, nihesabu tu ni watoto wangapi wanaandika kabla jirani yao hajaandika. Mwenzake wa darasa la tano anasema bado hajawa tayari nimwone, kwa hiyo kesho anaanza yeye kuja kwangu. Nimeshamchorea madawati kwenye karatasi ya daftari la hesabu, safu saba, na penseli nimeichonga.