Mafuvu ya panya wa mjini: wiki ya tisa

Mafuvu ya panya ninayoyakusanya yamefika 14. Mama mwenye genge hapa mtaani Ilala kaniletea wawili juzi, kawafunga kwenye mfuko: "Haya mwanangu, wagonjwa wako hawa." Glavu, barakoa, halafu ndani ya ndoo ya maji ya uvuguvugu nyuma ya nyumba, nyama ioze iachie mfupa. Sitokosi tena. Lile la kwanza nililitokosa, meno yakachomoka nikabaki kuyaokota kwenye chujio kama mtu anayechambua mchele.

Namba 11 limenikalisha kitako jioni nzima. Meno ya mbele ya panya hayaachi kuota. Kinachoyazuia ni kusagana, la juu na la chini. Upande wa mbele una enameli, tabaka gumu la nje la jino, yenye chuma (ndiyo ile rangi ya chungwa), upande wa nyuma ni laini na unalika haraka, kwa hiyo ncha inabaki kali kama patasi. Huyu jino lake la chini la kulia lilivunjika. La juu likakosa mwenzake, likajikunja kuelekea ndani mpaka likagusa kaakaa, na pale lilipogusa mfupa umebonyea. Alikuwa mkubwa kabisa. Sijui alikuwa akila vipi, lakini alikula.

Sasa aibu yangu. Mwaka 2020 watafiti walitangaza kwamba panya wa New York, tangu miaka ya 1890, pua zimerefuka na safu ya magego ya juu imefupika. Magego yakishaota hayarefuki, kwa hiyo ni kipimo kizuri, kijana kwa mzee. Nikachukua kalipa, kile kifaa cha kupimia vitu vidogo. Wangu wakagawanyika makundi mawili, safu fupi na safu ndefu. Nilifurahi mno, nikaanza hadi kuchora grafu.

Kisha nikayageuza mafuvu kuangalia utosi. Mengine yana kingo mbili zilizopinda kwa nje kama ubavu wa mtumbwi, mengine zimenyooka kama reli. Panya wa darini na panya wa mferejini, spishi mbili tofauti! Wiki tisa nalinganisha mbuzi na kondoo.

Nimewatenga: 9 wa darini, 5 wa mferejini. Ndani ya wale 9 tofauti imebaki ndogo, na nilipopima fuvu moja mara tatu, mkono wangu wenyewe ulitofautiana karibu kiasi hichohicho. Kila fuvu litapimwa upya mara tano, siku tofauti.

Wa darini nimewatia alama nyekundu ya rangi ya kucha. Dada bado anaitafuta chupa yake.