Kanda zimeshaingia kwenye kompyuta. Haya, kazi ianze

Uliza kwenye maktaba ya kanda ya redio kongwe, au ya chuo cha muziki, au ya idara ya utamaduni: sauti zenu mmezihifadhi? "Zote tumeshazidijitisha." Ziko wapi? Droo inavutwa, inatoka diski moja ya nje iliyofungwa kwa rababendi, juu yake plasta imeandikwa KANDA ZOTE MPYA MWISHO. Hiyo bado si hifadhi. Rili ya mwaka 1968 ikianguka sakafuni unaiokota na kuicheza. Diski inayozunguka ikianguka ikiwa imewashwa, inakwenda na rili 500 kwa mpigo mmoja.

Tuanze na kanda yenyewe, maana kosa likifanyika hapa, huko mbele halina dawa.

Inua rili mbele ya taa. Rundo la kanda likipitisha mwanga, hiyo ni asetati. Likiziba mwanga, ni poliesta. Tofauti hiyo ndiyo inayoamua tiba. Asetati ikioza hunuka siki, hukauka na kukatika kama tambi mbichi. Poliesta haikatiki ovyo, ila baadhi ya kanda za miaka ya 1970 na 1980, Ampex 456 ikiwa na sifa mbaya kuliko zote, zina gundi inayokunywa unyevu wa hewa, na hewa ya Unguja au Mombasa unyevu haijawahi kuuonea uchoyo. Dalili hazijifichi: kanda inapiga kelele ikipita kwenye vichwa vya mashine, mwendo unazidi kuwa mzito, na vichwani kunabaki tope la kahawia. Simamisha hapo hapo. Lile tope ni ule unga wa sumaku uliobeba sauti, na kila mita unayoendelea kuicheza unaikwangua.

Kanda ya aina hiyo huokwa. Nyuzi 50 hadi 54 za Selsiasi, saa 8 au zaidi, kwenye kikaushio cha chakula chenye feni au kabati la joto la maabara, kisha inaachwa ipoe taratibu kabla ya kuguswa. Oveni ya jikoni haifai kwa sababu joto lake hupanda na kushuka. Maikrowevu usiifikirie kabisa. Iliyookwa huchezeka kwa wiki kadhaa, kisha hurudia ugonjwa wake, kwa hiyo usioke rili ambazo hujapangia muda wa kuzinasa. Asetati haiokwi kamwe. Ndiyo maana ya ile taa.

Kisha kuna kichwa cha mashine. Kanuni, ile ala ya nyuzi ya taarab, ikisikika kama imefunikwa blanketi, na "s" za mtangazaji zimezama, watu husema kanda imezeeka. Mara nyingi kanda haina neno. Pembe ya kichwa cha mashine yako hailingani na pembe ya ile iliyorekodi. Weka sauti ya mono, geuza skrubu ya kichwa kidogo kidogo, sikiliza mpaka sauti za juu zing'ae, ndipo unase. Hufanywa kwa kila rili. Hakikisha pia mwendo: sentimita 19 kwa sekunde ndio uliozoeleka redioni, 9.5 hutumika sana kwa hotuba na mahojiano. Usiwashe kichujio chochote cha kuondoa mlio. Mlio unaweza kuondolewa kwenye nakala hata miaka 20 ijayo, lakini kilichochujwa wakati wa kunasa hakirudi.

Viwango havina ubishi mkubwa. IASA, chama cha kimataifa cha hifadhi za sauti na picha, kinapendekeza angalau kHz 48 kwa biti 24, katika faili la WAV, na hifadhi nyingi zimezoea kHz 96. Kwa kHz 96 na stereo, saa moja ni GB 2.07. WAV ya kawaida ina ukuta wa GB 4.29, ambao kwa kiwango hicho unaugonga baada ya saa 2 na dakika 4 hivi. Anayeiacha kompyuta inase rili baada ya rili ndani ya faili moja hukuta mwishoni faili halifunguki, au linafunguka nusu. RF64, aina ya WAV iliyopanuliwa, imeondoa ukuta huo, lakini dawa rahisi ni faili moja kwa upande mmoja wa kanda. FLAC hupunguza ukubwa bila kupoteza chochote. MP3 ni ya kusikilizia tu.

Kuhusu muda, tusidanganyane. Saa moja ya kanda hula takribani saa tatu za mtu: kukagua, kusafisha vichwa, kurekebisha pembe, kunasa kwa mwendo wa kawaida, kuandika maelezo. Rili 2,000 za nusu saa ni saa 1,000 za sauti, yaani saa 3,000 za kazi. Mtu mmoja anayefanya saa 30 kwa wiki atamaliza baada ya wiki 100, mashine isipokufa. Na mashine zinakufa. Mwaka 2019 UNESCO na IASA walitoa tahadhari ya dunia nzima kwamba baada ya mwaka 2025 hivi kucheza kanda za sumaku kama kazi ya kila siku kutakuwa kugumu sana, kwa kukosa mashine, vipuri na mafundi. Kwa hiyo panga foleni. Santuri za Siti binti Saad, zilizorekodiwa Bombay kuanzia mwaka 1928, zilitolewa kwa nakala nyingi. Usipoinasa wewe, huenda yuko mwingine anayo. Rili ya kipindi kilichorekodiwa studio na hakikutolewa santuri huwa ipo moja tu. Anza na hizo, na ndani yake anza na zinazonuka.

Faili likishapatikana, litaitwaje? Hapa Kiswahili chenyewe kina mtego ambao miongozo ya Ulaya haiusemi: ng'. Andika "Taarab Ng'ambo" kwenye simu, king'ong'o kinaweza kutoka kimepinda. Andika kwenye kompyuta ya ofisini, kinaweza kutoka kimenyooka. Kwa jicho ni kilekile. Kwa kompyuta ni herufi mbili tofauti, na ukitafuta moja, ya pili haionekani. Kwenye laini ya amri ni balaa zaidi: alama ile iliyonyooka hufungua nukuu, na amri inakaa kimya ikisubiri nukuu ifungwe. Kwa hiyo kwenye jina la faili usiweke ng', nafasi wala mabano. Namba inatosha: KND-0412-A-M.wav, yaani kanda ya 412, upande A, faili mama. Nakala ya kusikilizia inaishia na S. Jina kamili la wimbo, kwa tahajia sahihi, linakaa kwenye jedwali la orodha, na huko mkubaliane king'ong'o kimoja.

Jedwali hilo lina mtego wa pili, nao ni mbaya zaidi kwa sababu hautoi kelele. Daftari la studio la mwaka 1974 limeandikwa "16/8, saa 3:00, Ijumaa usiku". Kijana anayeingiza data anaandika 03:00. Kipindi cha saa tatu usiku kimehamia alfajiri, na mtafiti atakayekuja atashangaa nani alikuwa akisikiliza taarab wakati huo. Sahihi ni 21:00. Siku nayo ina utata wake: kwa wazee wengi wa pwani siku huanza jua likizama, na "usiku wa Ijumaa" ni ule wa baada ya Alhamisi. Mwandishi wa daftari alifuata hesabu gani? Huwezi kuamua kwa kubahatisha. Weka safu mbili: moja ya maneno kama yalivyo daftarini, bila kurekebisha hata herufi, na nyingine ya tafsiri yako kwa mtindo wa 1974-08-16 na saa 24, pamoja na jina la aliyetafsiri. Mwenye ushahidi bora ataisahihisha safu ya pili bila kugusa ya kwanza. Fanya hivyo hivyo kwa majina ya miji. Lebo ikisema Usumbura au Elisabethville, iache iseme, na safu ya pembeni iseme Bujumbura na Lubumbashi, la sivyo anayetafuta kwa jina la leo hatapata kitu.

Sasa alama ya kidole ya faili. Programu iitwayo sha256sum husoma faili zima na kutoa mstari wa herufi na tarakimu 64. Biti moja ikibadilika ndani ya GB 2, mstari unakuwa mwingine kabisa. Itengeneze siku ileile faili lilipozaliwa, kabla halijanakiliwa popote, na uiweke pamoja na mafaili ndani ya folda. Mpangilio wa BagIt hufanya hivyo kwa utaratibu unaosomeka na mifumo mingi. Kila miezi mitatu, programu isome tena na kulinganisha.

Kwa nini kabla ya kunakili? Kwa sababu vyombo vya kunakilia vinaweza kukutia hasara kwa utiifu. Rsync, programu ya kunakili mafaili, kwa kawaida yake hutazama ukubwa wa faili na tarehe ya kubadilishwa. Faili lililooza kimyakimya kwenye diski halijabadilika ukubwa wala tarehe, basi hulipita. Ukiliongezea -c lilinganishe yaliyomo, litaona tofauti, halafu litachukua faili bovu la diski ya kwanza na kuliandika juu ya zima la diski ya pili. Litakuwa limefanya ulichoagiza. Hivyo kwanza hakiki alama za chanzo, ndipo unakili, kisha hakiki alama za huko ilikofika.

Wingu linalosawazisha folda lina tabia hiyohiyo. Mtu akifuta huku, linafuta kule. Virusi vya kufunga mafaili vikiingia, yaliyofungwa ndiyo yanayopanda juu. Kama huduma yako inatunza matoleo ya zamani, jua ni kwa siku ngapi. Nakala rudufu halisi ni tatu, kwenye aina mbili za vyombo, moja ikiwa jengo jingine. Jengo jingine ni la kweli, si kabati la pili kwenye chumba kilekile ambacho bomba likipasuka linalowesha yote.

Vyombo vyenyewe: diski mbili usizinunue siku moja kutoka boksi moja, maana zenye kasoro ya kiwandani hufa pamoja. Soma S.M.A.R.T., ripoti ya afya ambayo diski hujiandikia yenyewe, kila mwezi. Namba ya sekta zilizohamishwa ikianza kupanda, usingoje. Zibadilishe kila baada ya miaka mitano hivi hata kama zinafanya kazi. SSD na flashi si vya kuweka kabatini, kwa sababu vikikaa muda mrefu bila umeme chaji inayobeba data huvuja, na joto huharakisha. CD za kuchoma zilizoachwa dirishani sina la kusema, zinakili leo. LTO, kanda za sumaku za kuhifadhia data, ni nzuri sana, kanda moja ya LTO-9 inabeba TB 18, lakini mashine yake ni ghali mno na husoma vizazi vichache tu vya nyuma: LTO-8 husoma LTO-7, LTO-6 haiisomi. Rili zako 500 za nusu saa ni GB 520 hivi. Hazihitaji LTO. Zinahitaji diski, UPS (betri ya kushikilia umeme ukikatika), na mtu mwenye jina anayewajibika.

Picha na video zinazokuja kwa WhatsApp ni mjadala mwingine, nitasema moja tu. Picha ikipita huko kama picha, hubanwa na kunyang'anywa tarehe na maelezo ya kamera, na tarehe iliyo kwenye jina kama IMG-20240512-WA0007 si lazima iwe siku picha ilipopigwa. Mwombe mwenyewe aitume kama hati, au nenda na kebo.

Mara mbili kwa mwaka, fanya jaribio la kurejesha kutoka ile nakala ya jengo jingine. Chagua mafaili 20 kwa kura, yarudishe kwenye kompyuta isiyo ya hifadhi, hakiki alama, kisha yasikilize mwanzo, katikati na mwisho. Usiuruke mwisho. Alama ya kidole itakwambia faili ni lile lile lililonaswa, haitakwambia kama aliyekuwa ananasa alibonyeza kusimamisha wimbo ulipokwisha na kuacha nje sekunde 20 ambamo mtangazaji alikuwa anataja majina ya wapigaji.