Mzee wa Quimper kaja nyumbani

Ndiyo kwanza narudi kutoka soko la vitu vikuukuu la Vanves, Paris. Vidole vimekufa ganzi.

Wanaonijua wanajua ugonjwa wangu: vyombo vya zamani vya Kifaransa, hasa vya mji wa Quimper, kule mkoa wa Bretagne. Vinachorwa kwa mkono, na kila jani ni mguso mmoja tu wa brashi.

Leo nimekutana na sahani yenye mchoro wa mzee wa Kibretoni, yaani mtu wa Bretagne. Kofia pana, suruali bwabwa.

Nikaigeuza (sisi huanzia kitakoni, uso baadaye). Alama ya kiwanda: HENRIOT QUIMPER. Zamani waliandika HR badala ya Henriot, jina zima likaja 1922.

Nikaigonga kwa ukucha. Haikulia, imefanya "du". Ufa huo! Muuzaji akashusha bei kabla sijafungua mdomo.

Ila kilichonimaliza ni pua. Nukta moja, imeteleza pembeni, mzee kama ananusa pilau la jirani. Nimecheka peke yangu kwenye metro mpaka watu wakanitazama.

Kulia chakula hapana, rangi za kale mara nyingi zina madini ya risasi, ni sumu. Ukutani basi?

Haya, nani ana sahani za bibi kabatini? Zigeuzeni, nitumieni picha za vitako!