Bei ya omena na Benki ya Dunia
Juzi soko la Kibuye, Kisumu, nikipimiwa omena (dagaa) nikapata dada wa takwimu na tableti anauliza bei ya gorogoro (ule mkebe wa kupimia), alafu anaiweka kwa mizani maana gorogoro haijui kilo 😂 mama muuzaji akamuuliza, unanunua ama unauliza tu? Nikaenda kusoma, kumbe kuna mpango wa kulinganisha bei za dunia nzima, ulianza 1968 na Umoja wa Mataifa pamoja na Chuo Kikuu cha Pennsylvania, siku hizi uko Benki ya Dunia na raundi ya 2021 ilikuwa na nchi na maeneo 176. Wanataka kujua shilingi inanunua nini hasa, si ile reti ya dola tu. Sasa binamu wa Marekani akinitajia mshahara mi nauliza kwanza kinyozi huko ni ngapi, maana omena unaweza kuisafirisha lakini kinyozi wa Kondele utamweka kwa kontena aje?